Kilio cha Viungo na Kilio cha Moyo: Jinsi Sonona Ilivyopimwa kwa Wenye Baridi Yabisi

Mada yetu ya leo ni ya historia, lakini tafadhali usifunge redio wala kugeuza ukurasa. Ni historia ya karatasi moja ambayo huenda siku moja ukawekewa mbele yako kwenye kliniki. Utaulizwa kama umekuwa ukichoka, kama unapata usingizi, kama unafanya mambo polepole kuliko zamani, kama moyo wako una huzuni. Kila jibu lina alama yake. Mwishoni muuguzi anajumlisha, na jumla hiyo inaonyesha kama huenda una sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito ambao wengine huuita unyogovu.

Sasa hebu mfikirie mama wa miaka arobaini mwenye baridi yabisi. Vidole vimevimba, vifundo vya mikono vinawaka moto, na asubuhi hawezi kufunga vifungo vya blauzi mpaka jua limepanda. Kukama ng'ombe hawezi tena. Kusonga ugali ni vita. Ukimwuliza kama anachoka, atajibu ndiyo. Usingizi? Hapati, kwa sababu kila akigeuka kitandani bega linamwamsha. Polepole? Bila shaka. Majibu yake yote ni ya kweli kabisa. Lakini je, alama hizo ni za moyo wake au ni za viungo vyake?

Swali hilo linaonekana jepesi. Hata hivyo, wataalamu walipima huzuni ya wagonjwa hawa kwa zaidi ya miaka arobaini kabla hawajaliuliza ipasavyo, na katika miaka hiyo wagonjwa wengi waliambiwa mambo ambayo hayakuwa haki yao kuambiwa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Baridi yabisi ni jina ambalo watu wetu huyaita maumivu mengi ya viungo, lakini hapa nazungumzia aina moja, ile ambayo madaktari huiita rumatoidi athraitisi. Huu si ule ugonjwa wa magoti kulika kwa sababu ya uzee na uzito. Wala si jongo, linalokuja ghafla na kukishika kidole gumba cha mguu. Katika rumatoidi athraitisi kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuvishambulia viungo vya mwili wenyewe. Aghalabu huvishika viungo vidogo vya mikono na miguu, kulia na kushoto kwa pamoja, na asubuhi mwili hukakamaa kwa muda mrefu. Huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume, na wengi huanza wakiwa bado na nguvu za kulea watoto na kutafuta riziki.

Daktari Mfaransa, Augustin Jacob Landré-Beauvais, aliueleza ugonjwa huu mwaka wa 1800 baada ya kuwachunguza wanawake katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris. Yeye alidhani ni aina ya jongo, ila jongo lisilofanana na lile la matajiri. Jina la rumatoidi athraitisi lilitolewa na Alfred Baring Garrod wa London mwaka wa 1859. Jambo moja linanishangaza katika hadithi ya Paris. Hospitali hiyo hiyo ya Salpêtrière ilikuwa pia ikiwatunza wanawake wenye maradhi ya akili. Tangu mwanzo, basi, mwenye viungo vibovu na mwenye akili iliyougua waliishi chini ya paa moja, na mbeleni watu wangewachanganya kweli kweli.

Mchanganyiko wenyewe ulikuja hasa katika karne ya 20. Mjini Chicago, Marekani, alikuwapo daktari wa akili aliyeitwa Franz Alexander, mzaliwa wa Hungaria. Mwaka wa 1950 alitoa kitabu kuhusu maradhi ya mwili yanayohusiana na hisia. Maradhi saba yalikuja kuhusishwa sana na jina lake, yakiwemo pumu, vidonda vya tumbo, shinikizo la damu na rumatoidi athraitisi. Fundisho lilikuwa kwamba kila ugonjwa una mgogoro wake wa moyoni. Kwa mwenye rumatoidi athraitisi mgogoro huo ulisemekana kuwa hasira iliyofungiwa ndani, isiyopata pa kutokea. Waandishi wengine wakaenda mbali zaidi, wakaanza kutafuta tabia ya mtu wa baridi yabisi: mtu anayejinyima, anayejitoa kwa wengine huku akiungua kimoyomoyo.

Mpenzi msomaji, usicheke. Fundisho hilo halikutoka kwa wajinga. Nia yao ilikuwa njema, kumtazama mgonjwa mzima badala ya kutazama goti peke yake. Lakini matokeo yake yalikuwa lawama. Mgonjwa aliyekuja akilia kwa maumivu aliweza kurudi nyumbani ameambiwa kwamba chanzo ni yeye mwenyewe. Na sisi huku kwetu tunayo lawama ya namna hiyo, ila kwa maneno mengine. Nani hajasikia mwanamke akisemwa kwamba anajifanya, kwamba ni mvivu, kwamba asubuhi hawezi kufua lakini alasiri anaonekana sokoni? Asiyejua kwamba ukakamavu wa asubuhi hulegea kadiri siku inavyosonga ataona kweli huyo anadanganya.

Mwaka huo huo wa 1950 tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Philip Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Hench alikuwa daktari wa viungo katika kliniki ya Mayo, huko Minnesota, Marekani. Mnamo Septemba 1948 yeye na wenzake walianza kumdunga mwanamke wa miaka 29 dawa iliyokuja kuitwa kotisoni. Alikuwa hajiwezi kwa baridi yabisi. Baada ya siku chache alikuwa akitembea. Hebu fikiria: upande mmoja kitabu kinasema chanzo ni hasira ya moyoni, upande wa pili sindano inamwinua mgonjwa bila mtu kumwuliza kama anamchukia mama yake! Baadaye ilijulikana kwamba dawa za jamii ya kotisoni, pamoja na prednisoloni tunayoijua kwenye zahanati zetu, zina madhara zikitumiwa ovyo kwa muda mrefu, na mojawapo ni kubadilisha hisia. Mmoja huchangamka kupita kiasi, mwingine huingiwa na majonzi. Kwa hiyo nawe ukiulizwa maswali ya moyo, mtajie muuguzi dawa unazomeza, hata zile ulizonunua dukani bila kuandikiwa.

Lakini lawama ile haikuishi kwa hadithi peke yake. Ilipata takwimu, na takwimu zilitoka kwenye hojaji.

Hojaji iliyovuma zaidi ilitungwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota na Starke Hathaway na J. C. McKinley, ikatolewa mwaka wa 1943. Huitwa kwa kifupi MMPI. Ilikuwa na kauli zaidi ya 500, nawe ulitakiwa kujibu ndiyo au siyo kwa kila moja. Ili kujua mtu wa kawaida hujibu vipi, watungaji waliwauliza kwa wingi watu waliokuja hospitalini kuwatembelea wagonjwa wao. Maana yake, kipimo cha ukawaida kilitengenezwa kwa watu wenye miguu ya kuwafikisha hospitalini na kuwarudisha nyumbani. Liweke hilo akilini.

Hojaji hiyo ilipopelekwa kwa wagonjwa wa rumatoidi athraitisi, mara nyingi walipata alama za juu sehemu tatu: hofu ya kupindukia kuhusu maradhi, sonona, na histeria. Watafiti wakaandika, wengine wakawanukuu, na kwa miaka mingi ikaonekana kama sayansi imethibitisha kwamba watu hawa wana kasoro ya nafsi.

Wakati huo vipimo vya sonona vyenyewe vilikuwa vikizaliwa. Max Hamilton wa Leeds, Uingereza, alitoa chake mwaka wa 1960. Hamilton alikikusudia kwa watu ambao daktari alikuwa ameshathibitisha kwamba wana sonona, ili kujua ni kali kiasi gani na kama dawa inasaidia. Hakukitunga kumtafuta mwenye sonona miongoni mwa wagonjwa wa maradhi mengine. Mwaka uliofuata, 1961, Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, na wenzake walitoa hojaji ya sehemu 21 ambayo mgonjwa huulizwa juu ya huzuni, kukata tamaa na kujilaumu, lakini pia juu ya usingizi, uchovu, hamu ya chakula, kupungua uzito na uwezo wa kufanya kazi. Mwaka wa 1977 Lenore Radloff akatoa nyingine ya maswali 20, CES-D, kwa ajili ya kupima watu wa kawaida mitaani.

Vilikuwa vipimo vizuri, tena vimesaidia watu wengi. Shida ni pale vilipopelekwa. Wewe unalijua gorogoro letu la kupimia mahindi. Likiwa na kokoto chini, litajaa haraka, na mnunuzi ataondoka akidhani amebeba mahindi ya gorogoro zima. Baridi yabisi huweka kokoto ndani ya hojaji kabla huzuni haijamiminwa hata punje moja. Uchovu, kukosa usingizi, kupungua uzito, kushindwa kazi: hizi ni dalili za sonona, ndiyo, na ni dalili za ugonjwa wa viungo vile vile.

Aliyezihesabu kokoto hizo kwa makini ni Theodore Pincus, daktari wa viungo aliyekuwa Nashville, Tennessee, pamoja na wenzake. Utafiti wao ulitoka mwaka wa 1986, nami nauona kuwa ndio moyo wa historia yetu, kwa sababu walifanya jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulifanya tangu 1943. Waliwapa madaktari wa viungo zile kauli za MMPI na kuwauliza: ni zipi ambazo mgonjwa wa rumatoidi athraitisi atazijibu tofauti kwa sababu ya ugonjwa wake tu, hata kama akili yake ni timamu na moyo wake umetulia? Madaktari wakazitaja tano. Zilihusu mambo kama kuwa na afya sawa na wenzako, kuweza kazi kama zamani, kutochoka upesi, na kutokuwa na maumivu.

Mpenzi msomaji, unahitaji shahada ili kujua kwamba mwenye baridi yabisi hawezi kusema hana maumivu? La hasha. Lakini kila alipojibu kwa ukweli kwamba anaumwa, hojaji ilimwandikia alama upande wa hofu, sonona na histeria. Pincus na wenzake wakaonyesha kwamba majibu ya kauli hizo yalikwenda sambamba na ukali wa ugonjwa, na kwamba zile alama za juu zilikuwa zikieleza hali ya viungo kuliko hali ya nafsi. Kwa miaka 43 karatasi ilikuwa ikipima magoti na vidole, huku wasomaji wake wakidhani inapima roho.

Mwaka wa 1989 Susan Blalock na wenzake wakaichunguza ile CES-D ya maswali 20 kwa njia kama hiyo. Walikuta maswali manne yaliyopinda: linalouliza kama kila kitu kimekuwa cha kujisukuma, la usingizi wa mashaka, la kushindwa kujiinua kuanza shughuli, na, hili la nne ndilo la kukutafakarisha, linalouliza kama una matumaini juu ya siku zijazo. Mwenye ugonjwa usiopona, ambao wakati ule dawa zake zilikuwa dhaifu, akisema siku zijazo zinamtisha, je, huo ni ugonjwa wa akili au ni macho yanayoona?

Tiba ya tatizo hili ilionekana rahisi: ondoa maswali yote ya mwili. Huko huko Leeds alikokuwa Hamilton, Anthony Zigmond na Philip Snaith walikuwa wameshafanya hivyo mwaka wa 1983. Walitunga hojaji ya maswali 14, saba ya wasiwasi na saba ya sonona, mahususi kwa watu walio hospitalini kwa maradhi ya mwili. Huitwa HADS. Uchovu haumo, usingizi haumo, hamu ya chakula haimo. Waliweka mkazo kwenye kupoteza raha: kama mtu bado anaweza kucheka, kama bado anafurahia kitabu au kipindi cha redio. Hata hivyo kokoto moja iliponyoka. Limo swali la kujihisi umepungua kasi. Mwulize mwenye magoti yaliyovimba kama amepungua kasi!

Hapa nataka kusema langu. Mimi ni muuguzi wa jamii, na siamini kwamba tiba ya kuutupa mwili nje inafaa kwetu bila kufikiriwa vizuri. Watu wetu wengi hawaji kituoni wakisema nina huzuni. Wanasema kichwa kinawaka, moyo unakwenda mbio, mwili umeisha nguvu, usiku silali nina mawazo mengi. Huzuni yao husema kwa lugha ya mwili. Ukifuta mwili kwenye karatasi, umemfuta na yule mama ambaye sonona yake ilikuwa imejificha ndani ya kukosa usingizi. Atapata alama ndogo, ataambiwa yuko sawa, ataenda nyumbani. Kosa la kwanza lilikuwa kumpa mtu ugonjwa asiokuwa nao. Kosa la pili ni kumnyima msaada aliye nao.

Tena mambo yaligeuka na kwenda upande wa pili pia. Mwaka wa 1995 watafiti wa Uholanzi walitoa kipimo cha ukali wa baridi yabisi kiitwacho DAS28, ambacho hutumika mpaka leo. Daktari huvibonyeza viungo 28, huhesabu vinavyouma na vilivyovimba, huangalia damu, kisha humwomba mgonjwa mwenyewe atoe alama ya hali yake kwa jumla. Sasa tazama. Uvimbe unaonekana kwa macho na damu inapimwa maabara. Lakini kuuma kwa kiungo na hali kwa jumla hutegemea neno la mgonjwa, na mwenye sonona huhisi maumivu zaidi na hujiona vibaya zaidi. Kwa hiyo kama vile viungo vilivyohesabiwa kuwa huzuni, huzuni nayo inaweza kuhesabiwa kuwa viungo. Mgonjwa anaongezewa dawa kali ya kinga, wakati kilichompanda ni majonzi. Daktari mwangalifu akiona vinavyouma ni vingi lakini vilivyovimba ni vichache na damu imetulia, hutakiwa kuweka kalamu chini na kumwuliza mgonjwa habari za nyumbani.

Sasa tufike kwenye karatasi utakayokutana nayo. Mwaka wa 2001 Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams walichapisha utafiti wa hojaji ya maswali tisa, PHQ-9. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ya juu ni 27, na mara nyingi anayefikisha 10 hufanyiwa uchunguzi zaidi. Ni fupi, ni ya bure, na imeenea duniani. Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Usingizi mbaya karibu kila siku, 3. Uchovu karibu kila siku, 3. Kusonga polepole karibu kila siku, 3. Tayari ni 9, na hatujagusa huzuni. Siku moja mbili za kukosa hamu ya chakula kwa sababu dawa imechafua tumbo, umefika 10.

Ukubwa wa jambo hili ulionekana wazi mwaka wa 2013. Faith Matcham na wenzake wa London walikusanya tafiti 72 zenye wagonjwa 13,189 wa rumatoidi athraitisi. Pale ambapo wagonjwa walihojiwa kwa mahojiano kamili ya uchunguzi, waliokuwa na sonona kubwa walikuwa asilimia 16.8. Kwa PHQ-9 walikuwa asilimia 38.8. Kwa HADS, ukianza kuhesabu kwenye alama 8, asilimia 34.2, ukianza kwenye alama 11, asilimia 14.8. Ugonjwa ni ule ule, karatasi ndizo tofauti. Si haki kusema tofauti yote hiyo ni kokoto, maana hojaji hukamata pia watu wenye sonona ndogo ambayo mahojiano makubwa huipita. Lakini kokoto zimo.

Hata tukichukua ile asilimia 16.8, bado ni kama mgonjwa mmoja kati ya kila sita. Huyo si wa kupuuzwa kwa kisingizio kwamba hojaji zina makosa. Sonona humfanya mtu aache dawa, akose miadi, na maumivu yamzidi. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba wenye baridi yabisi walio na sonona walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa mapema. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa mwaka wa 2009 uliagiza kwamba mgonjwa wa rumatoidi athraitisi anapokaguliwa kila mwaka, pamoja na shinikizo la damu na moyo, aangaliwe sonona pia.

Na sayansi imeutoboa ukuta kati ya viungo na moyo. Kemikali zile zile ambazo kinga hutoa wakati wa kuvishambulia viungo hufika pia kwenye ubongo, zikaleta uchovu na kunyong'onyea. Kwa hiyo uchovu wa mama yetu unaweza kuwa wa viungo na wa moyo kwa wakati mmoja, na wakati mwingine kutuliza uvimbe kwa dawa kama methotreksati hupunguza vyote viwili. Franz Alexander alikuwa sahihi kwamba mwili na hisia vinazungumza. Alikosea ni nani aliyeanza mazungumzo na kwa sababu gani.

Huku nyumbani, vitabu vilisema kwa muda mrefu kwamba ugonjwa huu ni nadra kwa Waafrika. Lakini mwaka wa 2009 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 60 wa rumatoidi athraitisi wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, wengi wao wanawake, na wengi ugonjwa ukiwa bado unawaka. Mwaka huo huo, watafiti wakachapisha majaribio ya PHQ-9 waliyoyafanya magharibi mwa Kenya, na mwaka wa 2020 ukatoka utafiti wa hojaji hiyo kwa Kiswahili kutoka Kilifi. Kazi hizo zilifanywa kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao nao wana uchovu wao na usingizi wao. Kwa hiyo tunapoitumia kwa mwenye baridi yabisi, inatubidi tuwe waangalifu.

Uangalifu wenyewe ni huu. Ukipewa karatasi, jibu kwa ukweli wote, usipunguze wala usizidishe, kisha umwambie muuguzi sababu ya kila jibu. Mwambie: silali kwa sababu bega linaniuma, au: maumivu yametulia lakini saa nane za usiku nimekaa macho nawaza. Hayo ni majibu mawili yenye alama moja. Kwenye swali la kupoteza hamu, jiulize kama hamu imekwisha au ni mikono tu iliyokuzuia. Mama ambaye hafiki tena kwenye chama cha akina mama kwa sababu ya magoti, lakini chama kikija kwake anafurahi na kuteleka chai, hamu yake iko. Yule ambaye wageni wakibisha hodi anatamani waondoke, na nyimbo alizozipenda hazimgusi, huyo hata vidole vyake vikinyooka kama vya msichana anahitaji msaada wa sonona. Maswali ya kujiona huna thamani, ya kujilaumu kwamba umeiangusha familia, sikiliza sana majibu yako hapo.

Halafu liko swali la tisa, linalouliza kama umewaza kwamba afadhali ufe, au kujidhuru. Hilo halina kokoto. Haliwi la viungo hata mara moja, na hata jumla yako ikiwa ndogo namna gani, jibu la ndiyo hapo linatosha kukufanya uonwe siku hiyo hiyo na mtu wa afya. Najua wengi walikuwa wakilijibu hapana kwa woga. Sheria yetu ya adhabu, kifungu cha 226, ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na watu walidhani kukiri hata wazo kungewapeleka polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo ukiulizwa, sema. Na kama ni wewe unayemhudumia mgonjwa nyumbani na umemsikia akitamka maneno hayo, usimkemee na usimwache peke yake. Mlete kituoni, usingoje tarehe ya kliniki.

Wauguzi wenzangu mnaonisikiliza, msiandike jumla peke yake kwenye faili. Andikeni na maswali yaliyoleta jumla hiyo, ili atakayempokea mgonjwa mwezi ujao aone kilichopanda ni kipi.

Tukutane juma lijalo, siku na saa kama hii. Kwaheri.